Si Bahati Nasibu: "Dakika Saba za Hofu" Ikitazamwa Kutoka Newala

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, Newala. Likizo ya Desemba nilimwonyesha kwenye simu video ya NASA ya mwaka 2012 iitwayo Seven Minutes of Terror, ile inayosimulia jinsi rova Curiosity ingetua kwenye sayari ya Mirihi. Tulikuwa tumekaa Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana huko chini likiwa na ukungu. Video yenyewe ina dakika tano hivi. Ilipoisha akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo ilikuwa bahati tu?"

Nikasema hapana, si bahati. Akasema, "Lakini wenyewe si wamesema kikiharibika kitu kimoja tu, basi?"

Nilikosa jibu la haraka. Ni kweli, wenyewe wamesema. Na nimekaa na swali hilo tangu siku ile, kwa sababu kama kijana anatazama moja ya kazi bora kabisa za uhandisi na anachotoka nacho ni kwamba Wamarekani wana bahati na ujasiri, basi kuna kitu kimeharibika kwenye usimulizi. Wewe unayesoma huenda umeiona video hiyo, au umesoma habari zilizotokana nayo. Maneno "dakika saba za hofu" yameshaingia kwenye Kiswahili chetu, kila chombo kinapokaribia Mirihi yanarudi. Hata sisi wanafunzi tunaojidai kuelimisha umma tumeyarudia bila kuyapima. Kwa hiyo leo naomba tuipime video hii kama tunavyopima filamu au kitabu: inafanya nini vizuri, inaficha nini, na inamwacha mtazamaji wapi.

Nianze na haki yake. Ni kazi nzuri. Wanaozungumza ni wahandisi wenyewe waliotengeneza kitu, akina Adam Steltzner, Tom Rivellini na Anita Sengupta, si msemaji wa ofisi wala mtangazaji. Wanakutazama machoni wanakueleza tatizo. Tatizo lenyewe wanalieleza sawasawa: Mirihi ina hewa ya kutosha kukuunguza lakini haitoshi kukusimamisha. Hapa duniani parachuti inaweza kukufikisha chini salama. Kule, kanieneo ya hewa haifiki hata asilimia moja ya ile yetu, kwa hiyo parachuti inafika mahali inasema mimi nimeishia hapa. Wanaeleza pia kwa nini hawakuweka roketi chini ya tumbo la rova: zikikaribia ardhi zingetimua vumbi na kuchimba shimo, na rova ina vifaa ambavyo havitaki kuogeshwa mchanga. Ndiyo maana wakaja na kile kituko cha winchi ya angani, mtambo wenye injini nane unaoning'inia hewani na kuishusha rova kwa kamba. Mtoto wa darasa la sita anaelewa. Ukishaiona huwezi kuisahau.

Sasa, ubaya. Katikati ya video maandishi yanapita kwenye skrini: maumbo sita ya chombo, vilipuzi 76, mistari 500,000 ya programu, nafasi ya kosa sifuri.

Hilo la mwisho si kweli. Si kwamba wamedanganya kwa nia mbaya, ni maneno ya kunogesha. Lakini kuhusu uhandisi ni kinyume kabisa cha ukweli. Chombo ambacho nafasi yake ya kosa ni sifuri hakifiki. Hakuna anayejua upepo wa Mirihi utavumaje saa ile, hewa itakuwa nzito kiasi gani, parachuti itafunguka kwa mshtuko wa ukubwa gani. Kazi ya miaka yote ile ilikuwa ni kutengeneza nafasi, yaani kuhakikisha kwamba mambo yakienda ovyo kwa kiasi fulani, chombo bado kinatua. Nafasi ya kosa ndiyo bidhaa yenyewe. Ukiifuta kwenye hadithi, kinachobaki ni bahati, na mpwa wangu aliisoma hadithi sawasawa.

Chukua parachuti. Mpwa wangu aliuliza walijuaje haitachanika. Jibu: zilichanika. Juni 2014 na tena Juni 2015, NASA ilijaribu parachuti kubwa za aina mpya juu ya Pasifiki, karibu na Hawaii, na zote mbili zikararuka. Zile hazikuwa za rova hii moja kwa moja, zilikuwa za kujaribu teknolojia ya baadaye. Ila wahandisi wakashtuka, kwa sababu zilionyesha kwamba hesabu walizokuwa wanazitegemea za jinsi kitambaa kinavyobeba mzigo kikifunguka kwa mwendo unaozidi wa sauti hazikuwa sahihi kama walivyodhani. Kwa hiyo kabla ya kurusha rova iliyofuata, Perseverance, wakarudi mazoezini. Kati ya 2017 na 2018 walirusha roketi ndogo tatu kutoka Wallops, Virginia, juu kwenye hewa nyembamba inayofanana na ya Mirihi, wakafungua parachuti huko huko na kuipiga picha ikivimba. Jaribio la tatu, Septemba 2018, lilibeba nguvu ya kama tani 30, zaidi sana ya ile waliyotarajia kukutana nayo Mirihi. Haikuchanika.

Hadithi hiyo ina kila kitu, hata machozi. Kuna kushindwa mara mbili hadharani, kuna kukiri, kuna kurudi mezani. Lakini sidhani kama umewahi kuisikia kwa Kiswahili. Tunachosikia ni hofu.

Ushahidi mwingine ninaoupenda uko kwenye video ya pili, ile ya kweli. Perseverance ilitua tarehe 18 Februari 2021. Kwa saa zetu taarifa ilifika saa 5:55 usiku, Newala karibu wote wamelala. Siku chache baadaye NASA wakatoa picha za kamera zilizofungwa kwenye chombo chenyewe, na watu wakaona parachuti ikifunguka kule kwa mara ya kwanza, kisha ngao ya joto ikidondoka kama sufuria, vumbi likitimka, rova ikining'inia. Ukiitazama ngao ile ikiondoka, angalia kwa makini: springi moja kati ya zile zilizoisukuma imechomoka. Wahandisi wenyewe waliisema hadharani. Na kipaza sauti kilichotakiwa kurekodi mteremko hakikurekodi kitu. Vitu viwili vimegoma, na rova imetua salama salimini. Nafasi ya kosa sifuri iko wapi hapo?

Nikisema hivyo sipunguzi ugumu wa kazi. Ugumu upo, ila video ya 2012 inauweka mahali pasipo pake. Hebu tupige hesabu moja, inahitaji kikokotoo cha simu tu.

Perseverance iliingia kwenye hewa ya Mirihi ikienda kama kilomita 19,500 kwa saa, sawa na kilomita 5.4 kwa sekunde. Kutoka Masasi mpaka Newala, ukipima kama ndege arukavyo, ni kilomita zisizofika 60. Kwa mwendo ule ni sekunde 11. Unafunga mlango wa basi stendi ya Masasi, unahesabu mpaka 11, uko Newala, na ule mlima wa kupanda uwandani hujauona. Parachuti ilifunguka pale mwendo uliposhuka hadi kama kilomita 1,500 kwa saa. Gawanya, utaona mwendo umepungua mara 13 hivi. Lakini nishati ya mwendo huenda kwa kipeo cha pili cha mwendo, hii ni fizikia ya sekondari, kwa hiyo nishati imepungua mara 165 au karibu na hapo. Maana yake asilimia zaidi ya 99 ya nishati yote ilishaondoka kabla parachuti haijatoka kwenye mkebe wake. Nani kaiondoa? Ngao ya joto, kile kisahani cha mbele ambacho hakuna anayekishangilia. Hewa inabanwa mbele yake, inapata moto, ngao inafika nyuzi kama 1,300 za Selsiasi, na joto lile ndilo mwendo wako wa zamani.

Parachuti ikaja kushughulikia ile asilimia ndogo iliyobaki, ikakifikisha chombo kwenye kilomita kama 320 kwa saa. Roketi zikapokea hapo: zilichobakiwa nacho ni chini ya theluthi moja ya elfu moja ya nishati ya mwanzo. Kidogo sana, siyo? Ndiyo, ila kilomita 320 kwa saa ni mwendo ambao ukigonga nao ardhi hakuna kitu kinachookotwa. Kwa hiyo kila hatua inarithi tatizo dogo kuliko la aliyemtangulia lakini la aina tofauti, na ambalo aliyemtangulia hawezi kulimaliza. Ngao haiwezi kusimamisha. Parachuti haiwezi kusimamisha. Roketi zingeweza peke yake, kama ungebeba mafuta ya kufuta kilomita 5.4 kwa sekunde, na ukiyabeba hayo huna nafasi ya rova. Video inaonyesha hatua hizi kama mfululizo wa maajabu, moja baada ya jingine, kila moja na mlipuko wake. Haimwambii mtazamaji kwamba kuna hesabu moja inayozifunga zote. Angeijua, asingeuliza kuhusu bahati.

Hatua ya mwisho nina nayo ugomvi mdogo wa lugha. Kwa Kiingereza "kutua" ni neno la ndege na meli kufika nchi kavu. Sisi neno letu ni la ndege pia, lakini ni la mzigo kwanza. Unatua ndoo, unatua kuni. Juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida tangu zamani, ardhi yake ya kichanga inameza mvua yote na chemchemi ziko chini kwenye miteremko, kwa hiyo akina mama walishuka na kupanda na maji kichwani. Ile kaulimbiu ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani, kule ilieleweka bila mkalimani. Na kila aliyebeba ndoo iliyojaa anajua kwamba kuibeba ni jambo moja na kuitua ni jingine: unahitaji mtu wa pili akushikie, aishushe taratibu, halafu akae pembeni. Winchi ya angani ndiyo huyo mtu wa pili. Inashikilia rova ya kilo 1,025 kwenye kamba, inaishusha kwa mwendo wa kama kilomita 2.7 kwa saa, polepole kuliko wewe unavyotembea. Mshtuko wake ni kama wa kitu kilichodondoshwa kutoka urefu wa sentimita tatu, kwa mvutano wa hapa kwetu. Magurudumu yakishika chini, kamba zinakatwa, winchi inaruka zake ikaanguke mbali. Neno tunalo, tena zuri kuliko la wenye chombo. Basi kwa nini kila tukieleza jambo hili tunatafsiri "crane" na kuhangaika?

Haya, nimetoka nje ya barabara. Turudi kwenye kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote: video inaeleza jinsi ya kupunguza mwendo, lakini swali la "niko wapi?" inaligusa kwa kupita tu. Rada inatajwa kwa sekunde chache. Na kutua salama, kwa zaidi ya nusu, ni kujua uko wapi.

Nilimweleza mpwa wangu kwa ramani ya nyumbani. Wahandisi wanapopanga kutua huchora duaradufu ardhini, yai hivi, wakisema: tuna uhakika mkubwa chombo kitaangukia ndani ya hili, lakini wapi ndani yake hatujui. Mwaka 1976, wakati wa vyombo vya Viking, yai hilo lilikuwa na urefu wa kilomita 280 na upana wa 100. Liweke katikati yake Newala, ulilaze mashariki na magharibi. Ndani yake ipo Masasi yote, ipo Tandahimba, zipo kingo zote mbili za Ruvuma, na ncha ya mashariki inakaribia kuchovya Bahari ya Hindi upande wa Msumbiji. Yaani ungetua popote humo. Kwenye milima ya mawe ya Masasi, kwenye mto, au kwenye ukuta wa mteremko tuliokuwa tumekaa juu yake, miguu ikining'inia.

Kwa Curiosity yai lilishuka hadi kilomita kama 20 kwa 7. Sababu ni kwamba chombo hakikuanguka tu kama jiwe: ndani ya ngao yake kilikuwa kinajielekeza, kinajilaza upande huu na ule ili hewa ikisukume kinakotaka kwenda. Kwa Perseverance likawa kilomita 7.7 kwa 6.6, kwa sababu parachuti haikufunguliwa tena kwa kuangalia mwendo peke yake, bali kwa kuangalia umebakiza umbali gani kufika unakokwenda. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini weka yai hilo dogo kabisa juu ya mji wa Newala. Bado Shimo la Mungu limo ndani.

Na wanasayansi walitaka kwenda mahali kama Newala hasa! Kreta ya Jezero, alikotua Perseverance, ni ziwa la kale lenye delta ya mto, na delta ina ukuta wake, na kuna mawe na matuta ya mchanga. Sehemu nzuri kwa jiolojia mara nyingi ndiyo mbaya kwa kutua. Mawe yaliyopangika tabaka kwa tabaka, ambayo ndiyo yanatunza kumbukumbu, unayaona pale ardhi ilipokatika. Kama huamini, njoo usimame ukingoni ukatazame. Kwa faida moja tu Jezero ilikuwa rafiki: iko chini, kama kilomita mbili na nusu chini ya usawa ambao wanaotafiti Mirihi wanautumia badala ya usawa wa bahari. Ukishuka chini unapata hewa zaidi ya kukupunguzia mwendo. Kwa kipimo hicho Masasi ingekuwa bora kuliko Newala, ila ina ile milima ya mawe.

Sasa milima hiyo hiyo ndiyo ufunguo. Mtu anayetoka Nachingwea au Tunduru akirudi Masasi haangalii kibao cha barabarani. Anaona vilima vya mawe vimesimama peke yake kwenye ardhi ya tambarare, anajua kile ni Mtandi, anajua amebakiza kiasi gani. Perseverance ilifanya hivyo hivyo. Ikiwa imening'inia kwenye parachuti, kama kilomita nne juu, kamera ilianza kupiga picha za ardhi na kompyuta ikazilinganisha na ramani iliyokuwa imebebwa ndani, ramani iliyotengenezwa kutokana na picha za setilaiti ya Mars Reconnaissance Orbiter. Kreta ile naijua, tuta lile nalijua, basi mimi niko hapa. Kisha ikaangalia ramani ya pili, ya hatari, ambayo watu waliipaka rangi mapema: hapa mawe, hapa mchanga, hapa panafaa. Ikachagua penye kufaa ndani ya uwezo wake wa kufika, roketi zikaipeleka pembeni, ikatua. Yote kwa sekunde chache, bila kumuuliza mtu. Isingekuwa hivyo, Jezero isingewahi kuchaguliwa. Ilihesabiwa ni hatari mno.

Mpwa wangu hapa ndipo alipochangamka. Hakuuliza juu ya milipuko. Aliuliza: "Na kama ramani imekosea?"

Hilo ndilo swali la mhandisi. Na historia inalijibu vibaya. Desemba 1999 Mars Polar Lander ilipotea. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba miguu yake ilipokunjuliwa hewani, mtikisiko ulisomwa na vitambuzi kama kugusa ardhi, programu ikazima injini ikiwa bado juu makumi ya mita. Iliamini imefika. Oktoba 2016 Schiaparelli ya shirika la anga la Ulaya iliyumba kwenye parachuti, kifaa cha kupima mzunguko wake kikajaa kikafika mwisho wa kipimo kwa kama sekunde moja, na kompyuta ikaendelea kuhesabu kwa namba hiyo mbovu mpaka ikapata kwamba iko chini ya ardhi. Chini ya ardhi! Basi ikaachia parachuti, ikawasha roketi sekunde chache, ikazima, na ikaanguka kutoka kilomita kama 3.7 juu. Ngao yake ilifanya kazi. Parachuti ilifunguka. Kilichoiua ni kutojua iko wapi, na kukosa mtu wa kuiambia kwamba haiwezekani chombo kikawa chini ya ardhi na bado kinaanguka.

Makosa kama hayo hayana mwonekano mzuri kwenye video, naelewa. Huwezi kuchora namba iliyojaa ukaiwekea muziki wa ngoma nzito. Ndiyo maana mchoro wa 2012 unatupa kamera inayoelea nje ya chombo, pembeni, juu, chini, kana kwamba kuna mtu yuko pale anatazama. Hakuna mtu. Mjomba wangu mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, alipotazama naye jioni ile aliuliza kitu ambacho video inapaswa kuanza nacho: "Usukani kashika nani?" Nikamwambia, hakuna, mzee wangu. Ishara ya redio kutoka Mirihi siku ile ya 2012 ilichukua kama dakika 14 kufika duniani, na kutua kunachukua saba. Wale uliowaona wamekaa kwenye chumba wakiuma kucha hawaendeshi kitu. Wakati wanasikia kwamba chombo kimeanza kuingia kwenye hewa, tayari ni dakika saba kimeshatua au kimeshavunjika. Akatikisa kichwa. "Basi hofu ya nini sasa? Kimeshakuwa."

Sijapata uhakiki mfupi na mkali kuliko huo. Hofu ilikuwa ya watazamaji. Kazi ilishafanyika miaka mingi nyuma, na video imegeuza kamera ikawatazama wanaosubiri matokeo badala ya kuwatazama walipokuwa wanasahihisha.

Utasema nawaonea, video ilikuwa ya kuvutia watu, si somo. Sawa, na wamewavutia. Lakini ona nani analipa gharama ya mvuto huo. Kijana wa California anayeiona anaweza Jumamosi kwenda kwenye jumba la sayansi akaona injini, akasikia mtu akimweleza majaribio yaliyoshindwa. Hofu kwake ni mlango tu. Kijana wa Newala au Masasi, mara nyingi, video hiyo ndiyo jumba zima. Akiambiwa ni ujasiri na bahati, anamaliza hapo: wao wamejaliwa, sisi tutatazama. Akiambiwa ni nishati inayopungua kwa kipeo cha pili, ni parachuti iliyoraruka mara mbili, ni ramani iliyopakwa rangi na watu wenye subira, anaona vitu ambavyo viko kwenye daftari lake tayari.

Kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mtu mmoja tu, mwonyeshe ile ya Februari 2021. Izime sauti mara ya kwanza. Mwambie atafute springi iliyochomoka. Kisha rudia na sauti, umsikie Swati Mohan akisoma namba kwa sauti tulivu, mwendo kiasi hiki, urefu kiasi hiki, mpaka anapotangaza kwamba imetua. Video ile ya 2012 iache iwe ya pili, na ukifika kwenye ile sifuri, simamisha, mjadili.

Siku mbili baadaye mpwa wangu alitengeneza parachuti kwa kipande cha chandarua kikuukuu na kopo la maziwa. Nilimcheka, nikamwambia chandarua kina matundu, hewa inapita. Halafu nikakumbuka kwamba parachuti za Mirihi, tangu enzi za Viking, zina pengo lililoachwa makusudi kuzunguka kitambaa chote, ili hewa ipite na chombo kisiyumbe kama pendulamu. Nikamwomba radhi. Kopo lilifika chini limebonyea lakini halikuyumba sana. Akaongeza kopo la pili, likashuka kwa kasi, akaongeza la tatu, likaanguka kama jiwe. Akaja na swali: rova ni tani moja, na chombo cha kubeba watu je? Nikamwambia makadirio yanaanza kwenye makumi ya tani, na parachuti huwezi kuikuza tu mpaka ikatosha, ukubwa huo itararuka au haitawahi kufunguka kwa wakati. "Sasa watatumia nini?" Kuna wanaofikiria ngao zinazojazwa upepo kama mpira, kuna wanaofikiria kuwasha roketi mapema zaidi, chombo kikiwa bado kinakwenda kwa kasi kuliko sauti. Hakuna aliyeshusha mzigo wa namna hiyo Mirihi bado. Ameandika yote mawili nyuma ya daftari lake la fizikia na ameweka alama ya kuuliza kwenye la pili.